Elimu ya Amali na Suala la Kazi: Nani Anafundishwa Kushika Randa?

UTANGULIZI

Elimu haielei hewani. Kila mfumo wa elimu umezaliwa na jamii fulani, hulinda uhusiano fulani wa uzalishaji mali, na huandaa watu wa aina fulani kwa kazi za aina fulani. Mkoloni alipojenga shule alitaka karani, mkalimani, na mwalimu wa kuwafundisha makarani wengine, akawapata. Kwa hiyo kada anayechambua sera yoyote ya elimu hana budi kuuliza maswali matatu. Sera hiyo inamwandaa nani? Inamwandaa kwa kazi gani? Na matunda ya kazi hiyo yatamfikia nani? Sera isiyoyajibu maswali haya yote, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha nzuri namna gani, ni nusu ya sera.

Makala haya yanahakiki Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, hasa katika sehemu inayohusu kuwaandaa vijana na walimu wao kwa kazi. Sera hiyo imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza hatua kwa hatua Januari 2024. Neno lenyewe amali lina maana ya kazi au tendo. Kwa hiyo Taifa limetamka tena, kwa sauti, kwamba shule na kazi ni ndugu wa tumbo moja.

Tumesema tena kwa sababu si mara ya kwanza. Tulitamka hivyo mwaka 1967, tukatamka hivyo mwaka 1974. Mara zote mbili nia ilikuwa sahihi, na mara zote mbili utekelezaji ulikwama. Hoja ya makala haya ni kwamba juhudi zile hazikukwama kwa sababu ya kuwapa wanafunzi jembe. Zilikwama kwa sababu jembe liliachwa shuleni peke yake, huku mshahara, mtihani na heshima vikiendelea kwenda kwenye kalamu. Kasoro hiyo isiporekebishwa, amali itafuata njia ile ile.

MAFUNDISHO YA 1967

Elimu ya Kujitegemea ilitolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Makada wengi hukumbuka jambo moja tu katika andiko lile, yaani shamba la shule. Kukumbuka huko ni kwa nusu. Andiko lilianza na uchambuzi wa shule tulizozirithi, likazilaumu kwa mambo manne: kwamba zinawalenga wachache wanaoendelea na masomo, zinawatenga wanafunzi na jamii yao, zinafundisha kwamba maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi, na zinawaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Shamba la shule lilikuja baadaye, kama sehemu tu ya dawa.

Tuzingatie hali ya wakati ule. Watoto takriban 13 tu kati ya kila 100 waliomaliza shule ya msingi walitazamiwa kupata nafasi ya sekondari. Shule nzima ilikuwa ikiwafundisha 100 kwa ajili ya hao 13, na waliobaki walirudi nyumbani na jina la walioshindwa. Mwalimu alitaka elimu ya msingi ikamilike yenyewe, imfae anayebaki kijijini sawasawa na anayeendelea. Alitaka shule iwe jumuiya inayozalisha na inayojiamulia, wanafunzi wakishiriki kupanga kazi, kuweka hesabu na kuamua matumizi ya mapato.

Kilichofika shuleni ni nini? Katika shule nyingi kilifika kilimo bila hesabu, kazi bila maamuzi. Mwandishi wa makala haya alisoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Tulilima, tukapalilia, tukavuna. Hatukuwahi kuonyeshwa daftari la mapato hata mara moja. Aliyechelewa namba aliadhibiwa kwa kulima, na aliyefanya vizuri darasani alisamehewa kulima. Mtoto hahitaji somo la siasa ili aielewe adabu hiyo: kazi ya mikono ni adhabu, na kitabu ni msamaha. Tulifundishwa kinyume kabisa cha andiko, tena chini ya bendera ya andiko lile lile.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Kazi ikitengwa na maamuzi inakuwa kibarua. Ikitengwa na sayansi inakuwa mazoea. Mwanafunzi anayepanda mahindi bila kupima udongo, bila kulinganisha mbegu, bila kujua gunia limeuzwa kiasi gani, hajifunzi kilimo. Anatumikishwa.

MSHAHARA NDIYO MTAALA

Kosa la pili lilikuwa nje ya ukuta wa shule. Tukumbuke yaliyotokea tarehe 22 Oktoba 1966, kabla ya Azimio. Wanafunzi wa elimu ya juu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti hayo yalikuwa kwamba msomi akitoka kambini atafanya kazi kwa miezi 18 akilipwa asilimia 40 ya mshahara wake. Waliofukuzwa walikaribia 400. Lakini Mwalimu hakuishia kuwafukuza. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wa juu nayo ikapunguzwa. Alielewa jambo ambalo watunga mitaala wengi hulisahau, kwamba tofauti ya kipato kati ya karani na mkulima hufundisha kwa nguvu kuliko mwalimu yeyote. Vijana wale walikuwa wameusoma mtaala huo mkubwa, yaani mtaala wa mishahara, na wakafaulu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kuipiga kasoro hiyo katika njia ya kwenda chuo kikuu. Halmashauri Kuu ya TANU iliagiza kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya 1989. Iliagiza pia kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita aende JKT, kisha afanye kazi miaka miwili, na apate maoni ya Chama na ya mwajiri kabla ya kuingia chuo kikuu. Tangu 1976 maendeleo ya kila siku, pamoja na kazi na mwenendo, yalihesabiwa nusu ya alama za mwisho za sekondari. Shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu.

Haya yalikuwa mapinduzi kwa hakika, na hakuna haja ya kuyaonea haya. Yalifungua mlango kwa wafanyakazi watu wazima kuingia chuo kikuu, na yalimlazimisha msomi kuonana na kiwanda na ofisi kabla ya kuonana na shahada. Lakini mwaka 1976 wasichana walisamehewa sharti la miaka miwili, kwa sababu idadi yao chuoni ilianguka. Baadaye fani za sayansi na uhandisi nazo zikalegezewa, na katikati ya miaka ya 1980 sharti lenyewe likafa. Msamaha wa wasichana ulikuwa wa haki, maana sharti liliwekwa bila kufikiri jinsi maisha ya binti yanavyokwenda. Funzo tunalolipata ni hili: sera ya kazi isiyopima inavyowagusa watu wa hali mbalimbali itarekebishwa kwa misamaha, na misamaha ikizidi sera inabaki jina.

LITOWA: SHULE ILIYOFANIKIWA

Wapo watakaosema kwamba elimu ya kazi haiwezekani kabisa katika mazingira yetu. Hao hawaijui Litowa.

Litowa ilikuwa kijiji cha ujamaa karibu na Songea, kimojawapo cha vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kiongozi wake mkuu alikuwa Ndugu Ntimbanjayo Millinga. Kijiji kilijenga shule yake katika miaka ya 1960, kabla ya andiko la 1967. Watoto walilima, walipika, walijadili mipango yao katika mikutano, na walimu walifanya kazi bega kwa bega nao. Shule haikuwa na mradi wa kujitegemea uliobandikwa pembeni. Ilikuwa sehemu ya kijiji kilichojitegemea. Mtoto aliyemaliza shule alijua anakwenda wapi, kwa sababu shamba, kinu na mkutano wa kijiji vilikuwa vikimngoja.

Septemba 1969 Chama chetu, wakati huo TANU, kilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali ikachukuliwa, walimu wa Litowa wakatawanywa. Sababu za uamuzi ule zimejadiliwa sana na hatuwezi kuzimaliza hapa. Ila kada mkweli hawezi kulikwepa fumbo hili: tulikuwa na mfano hai wa kile tulichokihubiri, na sisi wenyewe tukauzima, kisha tukapeleka waraka kila shule nchini kuagiza kifanyike kitu kama kile. Waraka ulifika. Lakini kijiji kinachojiamulia hakiletwi kwa waraka.

Jaribio la Kwamsisi mkoani Tanga, lililosimamiwa na Chuo cha Ualimu Korogwe katika miaka ya 1970, lilionyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Palipokuwa na walimu wa chuo kuandaa masomo yanayotokana na maisha ya kijiji, shule na kijiji vilisogeleana. Wakati wa kueneza mfano huo kwa shule nyingine ulipofika, walimu wa kawaida waliachiwa mzigo bila msaada ule. Katika Litowa na Kwamsisi tunajifunza kwamba elimu ya kazi inawezekana pale mambo matatu yanapokutana: jamii yenye kazi yake, watu wenye mamlaka juu ya kazi hiyo, na mwalimu mwenye nyenzo.

KUTOKA KIJIJINI HADI SOKONI

Sasa tuiangalie sera mpya kwa kipimo hicho.

Jambo la kwanza linalompiga msomaji ni lugha. Mwaka 1967 tulisema tunamwandaa kijana kwa maisha ya kijijini. Leo tunasema tunamwandaa kwa soko la ajira, aajiriwe au ajiajiri. Mabadiliko hayo yana msingi wake katika historia. Vijiji vya ujamaa havipo tena kama vilivyokusudiwa, uchumi ulifunguliwa kwa nguvu ya biashara huria tangu katikati ya miaka ya 1980, na Sensa ya 2022 imetuhesabu watu milioni 61.7, wengi wao vijana. Hakuna anayeweza kumwambia kijana wa Mbagala au Mwanjelwa arudi kwenye kijiji ambacho hakijui.

Hata hivyo, soko si mwajiri. Soko halina ofisi ya kupokea maombi, wala halimdai mtu kwamba limpe kazi. Sera inaposema kijana atajiajiri, inamhamishia yeye peke yake wajibu ambao ulikuwa wa jamii nzima. Tumchukue kijana aliyesomea useremala katika mkondo wa amali kwa miaka minne. Amehitimu. Ana ujuzi. Hana mbao, hana randa ya umeme, hana banda, hana mteja. Mtaani kwake kuna maseremala sita waliojifunza kwa kushika misumeno tangu utotoni, nao wanagombea vitanda viwili kwa wiki. Tumeongeza fundi wa saba. Tumeongeza vitanda vingapi?

Hili ndilo swali ambalo sera ya elimu, ikibaki peke yake, haiwezi kulijibu. Nguvu kazi yenye ujuzi bila nyenzo za uzalishaji ni kama ng'ombe wa kulimia bila plau. Nasi tunavyo vyombo vya kuunganisha mambo haya. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Halmashauri zetu zinatakiwa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kodi ya kuendeleza ufundi stadi hutozwa kwa waajiri, ingawa kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyokwenda VETA na iliyobaki ikaingia katika mfuko mkuu. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni mkono mmoja wa kuvishika vyote.

Mfano mmoja utatosha. Mwaka 2016 Taifa zima lilihangaika kutafuta madawati, kwa sababu elimumsingi ilikuwa imefanywa bila ada na wanafunzi wakafurika. Viongozi walichangisha, kampuni zikachangia, madawati yakapatikana. Lakini kama halmashauri zingekuwa na utaratibu wa kununua madawati, milango na madirisha ya shule kutoka vikundi vya wahitimu wa ufundi wa wilaya husika, mahitaji yale makubwa yangeanzisha karakana ambazo zingekuwa hai hadi leo. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Mnunuzi huyo akinunua kwa mpango, huzaa kazi. Akinunua bila mpango, huondoka na dawati tu.

MWALIMU NI MFANYAKAZI WA KWANZA

Sera inazungumza juu ya kumwandaa mwanafunzi. Yafaa tuulize: mwandaaji ameandaliwa na nani?

Historia yetu ina kawaida moja isiyopendeza. Kila tunapopanua elimu kwa haraka, mzigo wa haraka hiyo humwangukia mwalimu. Elimu ya Msingi kwa Wote ilihitaji walimu ambao vyuo havikuwa navyo. Kati ya 1976 na mwanzo wa miaka ya 1980 vijana zaidi ya elfu thelathini, waliomaliza darasa la saba, walifunzwa ualimu wakiwa vijijini kwa njia ya masafa, huku wakifundisha. Vijana hao ndio walioibeba UPE mabegani. Malipo yao kwa jamii yalikuwa kejeli: herufi hizo tatu zikageuzwa kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Miaka 30 baadaye MMES ilipojaza kata zetu shule za sekondari, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani. Mtaani wakaitwa voda fasta. Jina jipya, kejeli ile ile.

Leo ukinzani umechukua sura nyingine. Shule nyingi, hasa za vijijini, hazina walimu wa kutosha wa sayansi, hisabati na ufundi. Wakati huo huo maelfu ya walimu waliohitimu wako nyumbani, na kila nafasi zinapotangazwa waombaji huzidi nafasi mara nyingi. Wengine hufundisha kwa kujitolea kwa miaka, wakilipwa na wazazi chochote kinachopatikana. Darasa halina mwalimu, na mwalimu hana darasa. Hakuna somo la amali litakalomshawishi kijana kwamba ujuzi huleta kazi, ikiwa anayemfundisha ni mtu mwenye shahada asiye na ajira.

Kwa mwalimu wa amali tatizo ni kubwa zaidi. Mwenye stashahada ya ualimu mara nyingi hana mkono wa fundi. Mwenye mkono wa fundi hana cheti. Tunacho Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, lakini chuo kimoja hakiwezi kuzilisha shule zote za nchi. VETA kwa upande wake ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambao humpima fundi wa mtaani na kumpa cheti anachostahili. Utaratibu huu usiishie kwenye cheti. Fundi bingwa aliyerasimishwa apewe mafunzo mafupi ya ualimu, aingie karakana ya shule akiwa na mkataba na malipo, afundishe sambamba na mwalimu mwenye stashahada. Atakayeona kwamba kumweka fundi mbele ya wanafunzi kunaishusha hadhi ya ualimu, huyo bado ana kasumba ile ambayo andiko la 1967 liliilaumu, kwamba maarifa yote yamo vitabuni.

LUGHA YA KARAKANA

Karakana ya Kitanzania ina lugha yake. Fundi anasema randa, patasi, timazi, pimamaji, spana, msumeno. Anamweleza mwanafunzi wake kwa Kiswahili, anabishana na mteja kwa Kiswahili, anapiga hesabu ya mbao kwa Kiswahili. Kijana wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kisha akiingia sekondari anafundishwa kwa Kiingereza, na fundi aliye mtaani kwake anakuwa mgeni katika darasa la kazi yake mwenyewe.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Zaidi ya miaka 40 imepita na mjadala unarudi pale pale. Mwandishi hapuuzi umuhimu wa Kiingereza. Fundi anayeweza kusoma kitabu cha mtambo ulioagizwa ng'ambo ana faida. Lakini kufundishwa lugha ni jambo moja, na kufundishwa kwa lugha usiyoimudu ni jambo jingine. Kama kuna mahali ambapo Kiswahili kinaweza kuanza bila kisingizio cha ukosefu wa istilahi, ni katika mkondo wa amali, kwa sababu istilahi zimeshaundwa na mafundi wenyewe.

MIKONDO MIWILI AU MATABAKA MAWILI?

Tumefika kwenye kiini. Mikondo miwili ndani ya jamii yenye usawa ni njia mbili za kufikia heshima moja. Mikondo miwili ndani ya jamii yenye matabaka huwa mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Wazazi wetu waliliona jambo hili zamani. Wakoloni walipoanzisha elimu ya kilimo kwa Waafrika, wazazi wengi waliikataa, nao wakaitwa wavivu wasiopenda jembe. Haikuwa hivyo. Walikuwa wamelima maisha yao yote. Walikataa kwa sababu waliona watoto wa watawala hawapewi jembe hilo. Walielewa siasa ya elimu kuliko maofisa wa elimu.

Leo mkulima wa kata yoyote anatazama vivyo hivyo. Mwanawe akipangiwa amali anauliza: mtoto wa mkuu wa wilaya anasoma nini? Wa mbunge? Wa mkufunzi wa siasa? Jibu likiwa kwamba wanasoma mkondo wa jumla katika shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, basi ameelewa sera kuliko tunavyoielewa sisi, na hotuba zetu za heshima ya kazi hazitamgeuza.

Kujikosoa ni wajibu wa kada, na kukosoa huanzia nyumbani. Mwaka 2024 binti wa mwandishi wa makala haya alipangiwa shule yenye mkondo wa amali, fani ya umeme. Alifurahi. Tangu utotoni alikuwa akifungua redio na pasi ili aone kilichomo. Mimi baba yake, ninayewafundisha makada kwamba kazi ndiyo kipimo cha utu, nilitumia wiki mbili kutafuta uhamisho, na nikaupata. Niliwaambia watu kwamba shule ile ni ya mbali. Haikuwa mbali. Niliogopa jinsi wakufunzi wenzangu watakavyoniuliza mtoto amechaguliwa wapi. Binti yangu hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: kama umeme ni kazi nzuri, kwa nini tusubiri mtoto wa mtu mwingine ndiye aje kututengenezea nyumbani? Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Nimeandika haya si kwa kutafuta huruma. Nimeandika kwa sababu najua siko peke yangu. Tukihesabu makada wa ngazi zote wanaoihubiri amali na ambao watoto wao wanaisoma, tutapata kipimo cha kweli cha sera hii.

YATUPASAYO KUTENDA

Uhakiki usioonyesha njia ni malalamiko. Kutokana na yaliyoelezwa, mambo yafuatayo yanatupasa.

Kwanza, mkondo wa amali usiwe mtaro usio na mlango wa kutokea. Mhitimu wake awe na njia iliyo wazi ya kufika chuo cha ufundi na chuo kikuu, ili mzazi aone kwamba mwanawe hakufungiwa.

Pili, kila shule ya amali iwe na daftari la uzalishaji lililo wazi, na wanafunzi washiriki kulisimamia. Wajue mbao zimenunuliwa kiasi gani, meza zimeuzwa kiasi gani, na faida imekwenda wapi. Kazi bila hesabu tuliikataa mwaka 1967 kwa maneno. Tuikatae sasa kwa vitendo.

Tatu, halmashauri ziunganishe mikopo ya asilimia 10, manunuzi ya samani na ukarabati wa majengo ya umma, na vikundi vya wahitimu wa amali. Kamati za siasa za wilaya ziulize taarifa ya jambo hili kila robo mwaka kama zinavyouliza taarifa ya barabara.

Nne, ajira ya mwalimu na vifaa vya karakana vitangulie wanafunzi, visiwafuate. Shule isiyo na mwalimu wa fani na vifaa vyake isipokee wanafunzi wa fani hiyo kwa ajili ya kujaza takwimu.

Tano, sisi makada tuanze na nyumba zetu. Hili haliwezi kuwekwa katika sheria, wala halipaswi. Lakini mwongozo wa viongozi wa Azimio la Arusha ulikuwa na maana moja kubwa: kiongozi asiishi kwa njia inayokanusha anayoyasema. Zanzibar mwaka 1991 tulilegeza masharti yale. Hatukusema kwamba tumelegeza na dhamiri.

HITIMISHO

Sera mpya ina mengi ya kusifiwa. Imerefusha elimu ya lazima, imerudisha ujuzi katikati ya darasa, na imekiri kwamba cheti bila uwezo hakimlishi mtu. Mwenye kuikataa kwa jumla hajaielewa historia yetu. Lakini mwenye kuipokea kwa jumla naye hajaielewa.

Mwaka 1967 tulikuwa na fikra sahihi bila nyenzo. Mwaka 1974 tulikuwa na amri kali bila subira. Litowa tulikuwa na vitendo, tukavivunja kwa mikono yetu. Safari hii tuna sera, tuna vijana, na tuna kumbukumbu ya makosa yote matatu. Swali la kazi halitajibiwa karakanani peke yake. Litajibiwa kwenye orodha ya mishahara, kwenye zabuni za halmashauri, na kwenye fomu ambayo mimi na wewe tunaijaza pale mtoto anapomaliza shule ya msingi. Hapo ndipo umma utakapotusoma, na hautahitaji mkalimani.